Mtumbwi, Redio na Bwana Harusi

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeugawa mchana na usiku kwa kipimo kisichokosewa, kisha akatuachia sisi waja wake saa za mfukoni ili tukosee wenyewe na tujue mwenye wakati ni nani. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na watu wa nyumba yake. Namshukuru kwa uzee alionipa, kwa macho ambayo bado yanasoma msahafu wa maandishi makubwa, na kwa kumbukumbu ya siku moja ambayo kila ikinijia nacheka peke yangu, hadi wajukuu wananiuliza kuna nini.

Kuna mechi, nawajibu.

Timu ya taifa letu inapocheza mechi ya kufuzu, wajukuu hujaa sebuleni kwangu hapa Kabondo, nami huletewa kiti cha mbele. Hawaniiti kwa sababu najua mpira. Mpaka leo sijui kwa nini mtu akisimama mahali fulani wanampigia filimbi. Wananiita kwa sababu wanajua kwamba mechi moja kama hiyo, miaka ile baada ya uhuru na uasi, ilikaribia kunipeleka Kindu kuolewa na mtu nisiyemjua. Ingekuwa hivyo, wao wasingekuwepo kupiga kelele nyumbani kwangu.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa huu huu. Papa, yaani baba yangu, alishona kanzu na kofia, na jioni alifundisha Kurani barazani. Mimi nilikaa mbele yake pamoja na wavulana, nikahitimu kabla ya wengi wao. Mama alikuwa binti wa wavuvi wa Yanonge. Alisilimu alipoolewa, lakini ndugu zake walibaki Wakristo, nasi tulikula pamoja Idi na Krismasi. Kaka yake mkubwa tulimwita noko, kama mjomba anavyoitwa mjini kwetu. Aliishi hapa mjini kando ya mto, mitumbwi yake ikiwa mbele ya mlango na lokole yake chini ya kibanda. Lokole ni gogo lililochimbwa tumbo na kuachiwa mwanya mwembamba juu. Ukilipiga kwa fimbo mbili linasema maneno kamili, na watu wa mtoni huyasikia ng'ambo wakajibu kwa lokole yao.

Mchumba wangu alikuwa wa ng'ambo hiyo, Lubunga, kwenye ukingo wa kushoto treni inakoanzia. Alikuwa fundi katika karakana ya reli. Baba yake aliuza samaki wakavu, na walikuwa Waislamu kama sisi, wajukuu wa watu waliofika huku na misafara ya biashara zamani za mababu. Nilikuwa nimemwona mara chache tu, kila mara mbele ya wakubwa. Mara hizo zilinitosha.

Lakini ndoa ilikataa kufungwa. Mara ya kwanza tulipopanga siku, uasi uliingia mjini, tukakimbilia msituni, papa akiwa na cherehani kichwani na mimi na msahafu kifuani. Tuliporudi, paa la nyumba lilikuwa limeungua, na majirani wengine hatukuwaona tena. Mungu awape makao mema. Mara ya pili bibi yake mchumba wangu alifariki katika juma lenyewe la harusi, tukangoja matanga yaishe na arobaini ipite.

Hapo ndipo alipofika kaka mkubwa wa papa kutoka Kindu. Tulimwita Papa Mukubwa. Alikuwa mtu mrefu, mcha Mungu, mwenye kanzu iliyonyooshwa kama karatasi na saa ya mnyororo mfukoni. Kindu alikuwa na rafiki yake mjane, muuza vitambaa mwenye nyumba ya simenti, ambaye alikuwa akitafuta mke aliyesoma. Katika familia yetu neno la kaka mkubwa halipingwi.

"Mara mbili Mungu amewaonyesha," alimwambia papa. "Tatu haiko. Kama Jumapili hii ndoa haifungwe, lundi asubuhi mutoto anapanda treni na miye."

"Ndiyo, yaya," papa alisema, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, akaendelea kushona, lakini nilimwona akirudia mshono ule ule.

Tiketi za Jumatatu hiyo alikuwa amekwisha kukata, mbili, yake na yangu. Zilikuwa mfuko mmoja na saa yake, na kila alipoitazama saa nilizitazama tiketi.

Siku zikiwa zimebaki chache, redio ikatangaza mechi. Timu yetu ya taifa ingecheza kapitale, Jumapili hiyo hiyo, na majirani zetu ambao mji wao mkuu unatazamana na wetu, mto katikati, kama Lubunga inavyotutazama sisi. Atakayeshinda anakwenda kwenye fainali za Afrika. Wanawake tulishika vichwa. Wanaume walijitahidi kushika vichwa nao, lakini nyuso zao ziliwaumbua.

Redio nzuri zilikuwa chache wakati huo. Nyingine ziliporwa, nyingine zilizikwa ardhini wakati wa vita zikaoza. Redio yenye sauti ya kweli na mawe mapya ya betri ukiondoa ya askari ilikuwa moja, ya baba yake mchumba wangu, huko Lubunga. Na kulikuwa na amri ya askari: jua likishazama, mtumbwi usionekane majini.

Basi wazee waliketi wapange. Nilikuwa nyuma ya pazia nikipepeta mchele wa pilau.

"Redio imesema saa tisa," noko alianza.

"Saa tisa ya wao," Papa Mukubwa akamkatiza shemeji yake. "Wewe bokilo unajua samaki, hii haiko samaki. Saa ya kapitale na saa ya kwetu haiko moja. Kuna tofauti ya saa nzima."

"Bon, kweli," noko alisema kwa heshima.

"Donc, unatoa saa moja. Mupira unaanza saa nane. Mbele ya saa kumi umekwisha. Wanavuka, tunaswali alasiri pamoja, tunafunga ndoa, jua lingali juu."

Wote walimsifu, na mimi nyuma ya pazia nilimshukuru Mungu kwa kumpa mzee wetu elimu ya saa. Hakuna aliyekumbuka kwamba jua linatufikia sisi wa mashariki kwanza, na saa yetu inatangulia ya kapitale. Saa tisa yao ni saa kumi yetu. Papa Mukubwa alikumbuka tofauti, ambayo wengi tuliisahau kabisa, ila aliitoa pale ilipotakiwa kuongezwa.

Jumapili ikafika. Paa letu lilikuwa bado la majani na linavuja, hivyo harusi ilihamia uani kwa noko, kando ya maji. Mimi niliketi katika chumba cha ndani, hina mikononi, katikati ya shangazi wa upande wa papa waliosoma kasida na dada zake mama waliotwanga lituma ya ndizi nje wakiimba nyimbo za mtoni. Kelele zilikutana juu ya kichwa changu. Dirisha lilitazama mto, na kwa uwazi wa pazia lake niliona maji yote hadi Lubunga.

Wapiga makasia wa noko walikuwa wamevuka tangu adhuhuri, wakisema wanakwenda kumngoja bwana harusi. Kila mtu alijua wanakwenda kwenye redio. Noko peke yake alibaki kwa sababu ndiye mwenye uwanja, na aliteseka sana. Ilipofika saa nane alichukua fimbo zake akapiga lokole, akiuliza habari ya mpira. Ng'ambo wakajibu.

"Wanasema nini?" Papa Mukubwa aliuliza.

"Wanasema watu wangali kula."

Baadaye akauliza tena. Mpira bado. Papa Mukubwa alitoa saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni. Ikaadhiniwa alasiri. Waliswali bila bwana harusi. Walipomaliza tu, lokole ya Lubunga ikaanza kusema yenyewe, bila kuulizwa, kwa furaha. Noko alisikiliza, akageuka taratibu.

"Mupira umeanza," alisema.

Nilimwona Papa Mukubwa akisimama uani, akitazama saa, akitazama jua, akihesabu kwa vidole, kisha akihesabu upande wa pili.

"Alors, yaya?" papa alimuuliza kwa upole.

"Nilitoa."

"Ulitoa nini?"

"Saa. Ilikuwa ya kuongeza."

Halafu mama, aliyekuwa ameinama juu ya sufuria, alicheka kwa pua, akajifanya anakohoa kwa moshi, na dada zake wote wakaanza kukohoa.

Mimi sikucheka. Kama mpira ndio kwanza umeanza, ungemalizika jua likigusa maji, na hapo askari hawaruhusu mtu kuvuka. Kesho yake treni. Papa Mukubwa alikuwa mtu wa haki, na nilimjua: asingelivunja neno lake kwa sababu tu kosa lilikuwa lake. Aliona kama kufanya hivyo ni kujipendelea.

"Piga hiyo kitu yako," alimwambia noko. "Waambie wavuke sasa hivi."

Noko akapiga. Akapiga tena. Jibu likaja fupi.

"Wanasema tuko na goli moja. Bwana harusi amevaa, anataka kuja. Lakini bapagaji wa mitumbwi wameketi."

"Wameketi namna gani? Uko mukubwa wao au hauko?"

"Niko mukubwa wao siku zote, bokilo. Leo redio iko mukubwa wao. Nawajua. Hata nyumba zao ziungue, wanangoja filimbi ya mwisho."

Wakaanza kubishana, mmoja akisema watu wa mtoni hawana adabu, mwingine akisema watu wa Kindu hawana hesabu. Papa alikaa kati yao akivuta tasbihi. Jua lilikuwa limekwisha kuvuka kichwa cha mchikichi wa ng'ambo niliokuwa nautumia kama saa yangu, na nilikuwa nikisoma kila dua niliyofundishwa, na chache nilizozitunga mwenyewe.

Mama ndiye aliyenyanyuka kutoka jikoni, akifuta mikono.

"Kaka," alimwambia noko, "wao hawawezi kuacha redio. Bon. Nani amewaambia waiache? Waje nayo."

Noko alimtazama dada yake kama mtu aliyeamshwa. Akakimbilia lokole.

Sasa, lokole haijui kusema neno moja. Haiwezi kupiga "redio" tu ikaeleweka. Kila kitu huitwa kwa maneno marefu, na kitu kipya lazima kitafutiwe maneno papo hapo. Noko alifumba macho, akapiga kwa muda mrefu sana hata Papa Mukubwa akauliza kama anawasimulia Taurati. Baadaye nilielezwa alichosema: chukueni sanduku linaloongea bila mdomo, mlipakate ndani ya mtumbwi kama mtoto wa mwenye heshima, mlete pamoja naye mwanamume anayetafuta mke, ukingo ule jua linakochomoza, kabla jua halijalala.

Jibu halikuja. Badala yake nikaona mtumbwi mrefu ukitoka Lubunga.

Habari za ndani ya mtumbwi nilizipata kwa mume wangu, ambaye alizisimulia maisha yake yote, na kila mwaka mawimbi yakazidi ukubwa. Yeye aliketi katikati na kanzu mpya aliyoshonewa na papa, redio mapajani. Baba yake aliketi nyuma yake akiishikilia redio kwa macho. Wapiga makasia walipiga vizuri mpira ulipokuwa katikati ya uwanja. Mpira ulipokaribia goli lolote, la kwetu au la wenzetu, makasia yalisimama yote hewani, na mto ukawateremsha. Majirani walikuwa wamesawazisha. Dakika zilikuwa zinakwisha.

"Pigeni kasia, bandeko, naomba!" mume wangu aliwasihi kama ndugu zake.

"Ngoja, bwana arusi, korna! Korna tu!"

Nikiwa dirishani niliona mtumbwi umefika karibu kabisa, kiasi cha kutambua nyuso. Nilisikia hata mlio wa redio juu ya maji, mtangazaji akikimbiza maneno ya Kilingala bila kuvuta pumzi. Kisha sauti yake ikapanda, ikapasuka, na watu wote ndani ya mtumbwi wakasimama.

Wote pamoja. Watu waliozaliwa juu ya maji, ambao tangu utoto wanajua kwamba hakuna anayesimama pamoja na mwenzake ndani ya mtumbwi.

Ukaegemea upande mmoja, ukanywa maji, wapiga makasia wakaketi haraka na kuuokoa. Lakini kitu cheupe kilichokuwa katikati hakikuwepo tena. Nyuma yangu shangazi walipiga ukelele.

Akatokea juu ya maji, mkono mmoja umeshika ubavu wa mtumbwi, mwingine umeinua redio juu kama mtu anayeonyesha samaki. Mto ulikuwa unamvuta, na kanzu imemfunga miguu.

"Acha redio!" walimpigia kelele. "Shika na mikono mbili!"

Alimtazama baba yake, akatazama redio, akaiachia. Waliokuwepo wanasema iliendelea kutangaza kidogo ikiwa chini ya maji, lakini hayo siyaapii.

"Mutoto iko?" baba yake aliuliza, akiwa amefumba macho.

"Iko, papa, nimemushika."

"Alhamdulillahi. Na redio?"

Wapiga makasia wakainamia makasia yao.

Na hapo niliona jambo ambalo limenifanya nimwombee Papa Mukubwa katika kila sala hadi leo. Jua lilikuwa jekundu, limebaki kidogo. Mzee yule, aliyekuwa na tiketi yangu mfukoni, alishika pindo la kanzu yake, akaingia majini hadi magotini, akashika pua ya mtumbwi kwa mikono miwili na kuuvuta akisema, "Haraka, haraka, batoto ya wenyewe, jua linakwenda!" Hakutaka neno lake limshinde, wala hakutaka kulivunja. Alitaka tuwahi. Mume wangu alipokanyaga mchanga, akitetemeka na kutiririka maji kama wavu, papa alisema hawezi kumwozesha mtu katika hali ile. Papa Mukubwa akavua kanzu yake iliyonyooshwa, akabaki na shati na suruali, akamvika.

Walikuja mashahidi wawili dirishani kwangu kuniuliza kama nimeridhika. Mnajua desturi yetu. Mwali anaulizwa mara ya kwanza, ananyamaza. Ya pili, anainamisha kichwa. Ya tatu, shangazi wakimsukuma, anasema neno moja ambalo halisikiki.

"Binti, baba yako anataka kukuozesha kwa..."

"Nimeridhika!" nikasema, kwa sauti iliyofika uani.

Chumba kilivunjika kwa kicheko. Shangazi mmoja alijifunika uso kwa mtandio. "Yoo! Mutoto huyu iko na haraka kuliko mupira!" Dada zake mama walipiga vigelegele hata ng'ambo wakasikia. Papa akamshika mkono mume wangu pale pale kwenye mchanga, karibu na mtumbwi uliojaa maji, akatamka maneno, naye akajibu akigonganisha meno. Walikuwa katika "Amin" ya mwisho ilipoadhiniwa magharibi.

Baada ya swala, watu wakakumbuka kwamba hawajui nani alifunga goli lile. Mmoja wa wapiga makasia aliapa kuwa ni letu. Mwingine akasema mtangazaji huwa anapiga kelele hivyo hata tukifungwa. Baba mkwe wangu alisema yeye goli halimhusu tena, amekwisha kutoa redio. Pilau ikaliwa kwa mabishano, na lituma pia, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuvuka usiku, watu wote waliovuka kutoka Lubunga walilala uani kwa noko, wageni wetu.

Papa Mukubwa alikula kando, akiwa na shati lake. Mpira alikuwa amekwisha kuuita upuuzi mbele ya watu wengi. Mwishowe akamsogelea noko.

"Bokilo," alisema chini chini, "hiyo gogo yako... inaweza kuuliza?"

Noko alipiga. Jibu lilichukua muda, kwa sababu watu wa ng'ambo nao walikwenda kuuliza kwenye redio ya askari. Kisha likaja, refu, lenye kucheza. Noko hakulitafsiri. Alirusha fimbo zake juu, akamkumbatia Papa Mukubwa, na hapo hata mimi ndani nilielewa kwamba timu yetu inakwenda fainali.

Lundi asubuhi Papa Mukubwa alivuka kwenda kupanda treni. Tiketi ya pili hakutaka ipotee bure. Mama aliweka juu ya kiti changu kapu kubwa la samaki wa moshi wa Yanonge, na Papa Mukubwa alituandikia baadaye kwamba mkaguzi alilikagua kapu lile tiketi kama abiria. Kanzu yake hakuirudisha Kindu. Mume wangu aliivaa kila Idi mpaka ikachakaa, na Mwenyezi Mungu alipomchukua, tuliikuta imekunjwa sandukuni mwake.

Sasa mechi inakuja na picha, na wajukuu wanaona goli kabla mtangazaji hajalisema. Wanaporuka wote pamoja, nami najikuta nimeshika mikono ya kiti changu kwa nguvu, nikingoja nyumba iegemee.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akuvushe salama kila mto unaokungoja, akupe mke au mume ambaye atakiachia kila kitu mkononi ili akushike wewe, akupe wakubwa watakaoingia majini kwa ajili yako, na akurekebishie kila hesabu uliyoikosea kwa nia njema. Amin.